Nyumba Alizozikataa Mwajabu

Pale Majengo, kwa wauza nafaka, bei ya karanga utaambiwa na yeyote. Lakini ulipotaka kujua kama binti yako aolewe na kijana fulani, ulimtafuta Mwajabu. Ulimkuta kakaa juu ya gunia, kanga kaifunga kiunoni, ungo mkononi, na kabla hujamaliza salamu alikuwa keshakuuliza, "Wa wapi huyo? Mama yake nani?"

Alikuwa mtu wa Busi, huko Kondoa. Mume ndiye aliyemleta Dodoma. Mume akafariki, yeye akabaki na mji. Hakujaliwa kuzaa, na aliyemwonea huruma kwa hilo alijuta, maana ulimi wa Mwajabu haukuwa na likizo. Kasoma darasa la saba akaishia hapo, na wenye vyeti aliwatazama kama anavyotazama karanga zilizong'ara sana: lazima zimepakwa mafuta.

Katika ukoo wao posa haikujibiwa mpaka shangazi wa binti aende akaione nyumba ya kijana. Kuna mashangazi wanaokwenda na kundi la ndugu, wanapikiwa wali, wanarudi wakisifia mchuzi. Mwajabu hakuwa wa namna hiyo. Alikwenda peke yake, bila taarifa, siku ya kazi, watu wakiwa na jasho lao. Akipiga hodi akakaribishwa, anakaa, ananyamaza. Haombi kitu. Anangoja maji.

Ilikuwa hivi: nyumba ikimletea maji ya kunywa kabla haijamuuliza ametoka wapi na ana shida gani, posa inapita. "Mtu anayekupa maji bila kujua wewe nani," alikuwa akisema, "huyo mkewe akiugua atamtazama." Maji yasipokuja, anaaga vizuri tu, anapanda gari, na posa inafia njiani. Kwa nchi kavu kama hii yetu, ambapo ndoo moja ina hadithi yake, watu waliona ni kipimo cha haki. Ukoo ulimwamini, majirani wakamwamini, hata akina mama wa Kigogo wanaokwenda kanisani Jumapili wakawa wanamwita pembeni: "Mama, hebu nipitie pale Chamwino, kuna kijana." Na ndoa alizozipitisha zilisimama. Ukimbishia, alikutajia mke na mume, mpaka majina ya watoto wao.

Mdogo wake wa kiume, Athuman, alibaki Busi akilima. Binti yake wa kwanza, Asma, alipopata nafasi chuo kikuu pale Dodoma kusomea hisabati, hakukaa bweni. Alikaa kwa shangazi yake, na wawili hao wakapendana kwa njia ya kugombana. Mmoja akisema chumvi imezidi, mwenzake anasema ulimi wako ndio umezidi.

Siku moja baada ya alasiri walikuwa uani wakichambua karanga.

"Hivi huko chuoni mnahesabu nini siku zote hizo?" Mwajabu aliuliza. "Mbona mimi hesabu zangu ziliisha darasa la saba?"

"Hatuhesabu, shangazi. Tunathibitisha."

"Mnathibitisha nini?"

"Theoremu."

"Hiyo inapikwa na nini?"

Asma alicheka. "Theoremu ni neno ambalo mtu ameonyesha kwamba ni kweli, likakosa pa kutorokea. Si kwamba kaliona likitokea mara nyingi. Ni kwamba ukishakubali ulikoanzia, haliwezi kuwa vingine."

"Sema kwa karanga, mwanangu. Kwa hewa sielewi."

"Haya. Witiri unaikumbuka?"

"Usinitukane. Namba ukiigawa mbili inabaki moja."

"Basi chota karanga witiri, usiniambie ngapi. Na mimi nachota zangu witiri. Sasa panga zako mbili mbili."

Mwajabu alipanga juu ya mkeka. Ikabaki moja. Asma naye akapanga, ikabaki moja. Akaichukua ile ya kwake akaiweka ubavuni mwa ile ya shangazi yake.

"Umeona? Zilizobaki zimekutana. Witiri na witiri zikijumlishwa, lazima zigawanyike kwa mbili. Tumehesabu?"

"Hatukuhesabu."

"Na ungechota nusu gunia?"

"Si ingebaki moja tu."

"Na mtu wa Kigoma akifanya?"

"Itabaki moja. Kwani karanga za Kigoma zina mapembe?"

"Ndiyo theoremu hiyo. Huna haja ya kupanda treni kwenda Kigoma kuhakikisha."

Mwajabu aliziangalia zile karanga mbili. Hakutaka kuonyesha, lakini kitu kile kilimpendeza, jinsi kilivyofunga bila mwanya. Basi akafanya alichokuwa akifanya kila kitu kilipompendeza: akachokoza.

"Hata karanga za kubaki zinapata wenzao. Wewe je, mwaka wa tatu huu?"

Asma aliinama akaendelea kuchambua. "Yupo."

"Nani?"

"Anaitwa Nurdini. Wa Chemba. Ni bwana mifugo."

"Anachoma mbuzi sindano?"

"Na ng'ombe, shangazi."

"Mama yake nani?"

"Ndilo swali nililokuwa naliogopa."

"Unaliogopa nini? Mimi nami ninayo theoremu yangu, ya maji. Haijawahi kuniangusha."

"Ya kwako si theoremu," Asma alisema, na safari hii hakuwa anacheka. "Wewe umeona tu, hujaonyesha. Halafu hata ingekuwa kweli, inasema nyumba inayotoa maji ni nzuri. Haisemi nyumba isiyotoa ni mbaya."

"Si kitu kimoja hicho?"

"Mbuzi akiliwa na fisi anakufa. Sasa asipoliwa na fisi ndiyo ataishi milele?"

Mwajabu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kesho yake soko zima lilikuwa na habari za mbuzi wa Asma anayeishi milele. Alichukua mzaha, akauacha ujumbe uani pamoja na maganda.

Asma alipomaliza chuo alirudi kwao, na posa ya Nurdini ikafika Busi. Athuman akampigia dada yake simu, kama ilivyo ada. Mwajabu akapanda basi la asubuhi kwenda Chemba.

Nyumba ilikuwa na bati jipya upande mmoja na la zamani upande mwingine, uwanja umefagiliwa. Mama wa kijana, Mwanaidi, mwanamke mrefu mwenye aibu ya macho, alimkaribisha akamtandikia mkeka kivulini, akampa shikamoo ijapokuwa walikaribiana umri. Mwajabu akakaa. Akanyamaza. Mwanaidi akasugua mikono, akasema, "Karibu sana, karibu," kisha akaingia ndani. Mwajabu akasikia mlango wa nyuma ukifunguka.

Akangoja. Kuku wakaja wakamzunguka. Jua likasogea, kivuli kikamwacha miguu nje. Ndani kimya. Akapiga hodi mara ya pili, hakuna aliyeitikia. Akakung'uta kanga yake, akawaambia kuku kwaheri, akaenda stendi.

"Nyumba gani hiyo?" alimwambia Athuman kwenye simu kabla hata gari halijaondoka. "Mwenyewe katoroka! Nimeachiwa kuku wanikaribishe. Maji? Hata ya kunawa sikuyaona. Rudisha posa ya watu."

Athuman akairudisha.

Asma aliposikia alikuja Majengo, akamkuta shangazi yake nyumbani akisonga ugali. Hakukaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na sura hiyo, naona."

"Nataka kukuuliza kitu kimoja. Nyumba ulizowahi kuzikataa, ipi iliharibika?"

"Nitajuaje? Zilioa kwetu?"

"Hazikuoa kwetu."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo. Unazozipitisha unaziona. Unazozikataa huzioni tena. Utajua wapi kama ulikosea? Hakuna anayeweza kukuonyesha. Hukosei kwa sababu umefunga mlango ambao kosa lingepitia."

"Chuo kimekufundisha kunitukana."

"Sikutukani. Nasema hujui."

Hilo neno lilimpata Mwajabu pabaya. Angeitwa mchawi, angejibu. Angeitwa mgumba, wengi walishamwita, na aliwajibu wakanyamaza. Lakini kuambiwa hujui, tena na mtoto aliyemlea kwa karanga zake! Mwiko ulibaki umesimama kwenye sufuria.

"Ondoka mbele yangu, Asma, kabla sijasema la kujutia."

Asma akaondoka. Hakutoroka na mwanamume, hakukataa kula, hakufanya vituko vya kutangazwa. Alipata kazi ya kufundisha sekondari kule Kondoa mjini, na baada ya muda ikaja posa ya Hamidu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwajabu akaenda, akaletewa maji kwenye bilauri ya kioo kabla hajavua viatu. Asma alipoulizwa na baba yake, alisema, "Sawa." Neno lake lilikuwa hilo tu.

Na ndoa hiyo haikuwa na ubaya wowote, ndilo lililokuwa gumu. Hamidu hakumpiga, hakumnyima, hakurudi na harufu ya pombe. Ungemtafutia kosa ungechoka. Ila Asma, ambaye zamani ukimwambia shikilia hapa anakujibu mistari kumi, sasa alimwamkia Mwajabu, "Shikamoo, shangazi," akauliza afya, akauliza soko, akanyamaza. Mwajabu alimchokoza kwa kila njia aliyoijua. "Hizo theoremu zako umezipeleka wapi?" Asma anatabasamu, anasema, "Zipo, shangazi," anakwenda kutazama chungu. Adabu tupu. Mwajabu alirudi mjini kila mara akiwa kama mtu aliyekwenda karamuni akaambulia sahani tupu.

Ikapita miaka. Siku moja mwanamke mrefu alisimama mbele ya magunia ya Mwajabu, akapokea karanga kiganjani azionje, kisha akaacha kutafuna.

"Wewe si yule mgeni wangu aliyenitoroka?"

Mwajabu alimtambua kwa macho yale. Mwanaidi wa Chemba.

"Nani kamtoroka nani?" akamrudishia palepale. "Uliniacha na kuku mpaka nikawajua majina!"

Wauzaji wenzake wakacheka. Mwanaidi naye akacheka, bila kinyongo, akaketi juu ya gunia bila kukaribishwa.

"Mwenzangu, nilikwenda kukutafutia maji."

"Maji gani?"

"Ya kunywa. Kisima chetu kina maji ya chumvi. Sisi tumeyazoea, na ng'ombe wameyazoea. Lakini mgeni mwenye heshima, katoka mjini, nimpe maji ya chumvi? Nikapita mlango wa nyuma kwenda kwa jirani mwenye tangi la mvua. Nikamkuta kafunga, nikamfuata shambani kuomba ufunguo. Nimerudi na jagi nimelifunikia sahani, nakuta kuku ndio wamekalia mkeka."

"Mbona hukuniaga? Ungesema tu unakwenda kuniletea maji."

"Ningesemaje? Mgeni kakaa sasa hivi, nimwambie kwetu hakuna maji yanayonyweka, subiri nikaombe? Wewe ungesema hivyo?"

Mwajabu alifikiri. Asingesema. Hata yeye angepita mlango wa nyuma.

"Na kijana wako?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

"Nurdini? Yupo. Alioa kwa watu wa Goima. Mkewe alipojifungua mguu ukafa ganzi, akawa hawezi kusimama. Nurdini akawa anambeba mgongoni kumpeleka kliniki, mchana kweupe, watu wanamzomea kwamba kaolewa yeye. Anawaambia zomeeni, mkichoka mnisaidie kubeba. Sasa anatembea, anachechemea kidogo." Mwanaidi akainuka akajipangusa. "Nipimie hizi, lakini uongeze. Nakudai salamu ya kuaga tangu siku ile."

Mwajabu akampimia, akamwongezea. Mwanaidi alipokwenda, mteja mwingine akaomba karanga, yeye akampimia alizeti.

Mkewe akiugua atamtazama. Si ndiyo yalikuwa maneno yake? Maji yenyewe hayakuwa na maana. Yalikuwa njia tu ya kujua hilo moja. Na hapo palikuwa na mtu aliyembeba mke mgongoni mchana kweupe, kutoka nyumba ambayo maji hayakuja. Hakuhitaji mwingine. Theoremu ya kweli isingekubali hata mmoja wa namna hiyo. Kwa mara ya kwanza aliyaelewa yale ya fisi na mbuzi, na hayakuchekesha.

Akajaribu kuwakumbuka wengine aliowakataa. Fundi cherehani mmoja wa Haubi, ambaye jina lilimtoka. Kijana wa mjane fulani, kule Mondo, au palikuwa Kelema? Wale aliowapitisha aliwajua mpaka wajukuu. Hawa hakujua hata kama wako hai. Huenda kati yao walikuwepo walevi na wenye kupiga wake zao, naye aliwaokoa mabinti wa watu. Huenda hapakuwa na hata mmoja. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza, na yeye ndiye aliyehakikisha hivyo.

Alikwenda Kondoa. Akamkuta Asma jikoni anachekecha unga, Hamidu yuko dukani. Shikamoo, marahaba, habari za soko. Mwajabu hakuwa na subira ya kuzunguka.

"Nimekutana na mama yake Nurdini. Yale maji alikuwa amekwenda kuyaomba kwa jirani. Kisima chao kina chumvi."

Asma aliendelea kuchekecha. "Najua, shangazi."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu wiki ileile. Nurdini alinieleza."

"Na ukanyamaza? Siku ulipokuja kunisuta, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungejibu nini?"

Mwajabu akafungua mdomo. Jibu alilijua, na lilikuwa katika sauti yake mwenyewe ya sokoni: kila asiye na maji ana hadithi ya kisima.

"Ungesema wametunga," Asma alimsaidia. "Kwa hiyo nilikuuliza lile swali jingine. Nilidhani ukiona kanuni yenyewe ilivyo, utalegea. Nilikuwa nimetoka chuo, shangazi. Nilidhani watu wanalegezwa na hoja."

"Ungemwambia baba yako."

"Nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, sawa mwanangu, lakini dada yangu hajawahi kukosea."

Chekecheo lilisimama. Mwajabu alishika mlango. Kwa miaka yote alilipenda neno hilo, alilivaa kama kitenge kipya. Alitamani Asma alie, au amfukuze, apate cha kushika. Asma akamimina unga kwenye chombo akafunika.

"Nikufanyie nini?" Mwajabu aliuliza.

"Mimi? Hakuna, shangazi. Mimi nimeolewa na Hamidu, na Hamidu hana kosa." Akanawa mikono. "Lakini Munira naye ana mtu. Baba atakutuma huko karibuni."

Munira alikuwa mdogo wake wa mwisho.

"Sitakwenda."

"Usipokwenda atamtuma shangazi mwingine, na siku hizi wote wanatumia kipimo chako. Nenda. Ukirudi, waambie ukweli."

"Ukweli upi na sijaiona hata nyumba?"

"Ule niliokuambia siku ile ukisonga ugali," Asma alisema, na Mwajabu akaelewa.

Athuman alipopiga simu, alikwenda. Ilikuwa nyumba ya watu wa kawaida kule Bereko, wenye kelele na watoto wengi. Alipoketi tu aliomba maji mwenyewe, kwa sauti, ili asibaki anangoja. Wakamletea, akanywa, akawasalimia, akarudi Busi ambako wazee wa ukoo walikuwa wamekusanyika sebuleni kwa Athuman.

"Haya, dada, tupe habari," Athuman alisema.

"Nimewasalimia. Wanaitikia vizuri."

"Na nyumba?"

"Ina mlango na madirisha."

Mzee mmoja akacheka. Athuman hakucheka. "Dada, tunangoja neno lako. Tukubali tusikubali?"

Mwajabu alikuwa amelisema neno hili peke yake ndani ya gari, Bereko mpaka Busi, na bado lilimkwama kama mwiba wa samaki.

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama kijana atamtunza au hatamtunza. Kukaa kwenye mkeka wa mtu nusu saa hakunionyeshi hilo. Na hata hizo nyingine sikujua. Muulizeni Munira, ndiye anayemjua."

Mmoja wa wazee akanong'ona kwamba dada mkubwa sasa amezeeka. Mwajabu alisikia, na ulimi wake ukabaki ulipo. Athuman akamwangalia muda mrefu, sura yake ikibadilika taratibu, na Mwajabu aliona dhahiri mahali ambapo fikra za mdogo wake zilikuwa zimefika: zilikuwa zimefika kwa Asma. Kisha akageuka akaita ndani, "Munira! Njoo huku."

Munira akaolewa na mtu wake. Siku ya harusi Busi ilijaa, masufuria yakachemka tangu alfajiri. Asma alikuwa anahudumia wageni, anakwenda na kurudi na masinia, na Hamidu alileta soda kwa gari la dukani. Mwajabu alikaa pembeni penye mkeka. Hakuna mama aliyemwita faragha kumtajia kijana.

Mchana ulipopungua kelele, Asma alikuja akaketi karibu naye, akanyoosha miguu, akavua kandambili. Hakuamkia; walikuwa wamekwisha kuamkiana asubuhi. Walikaa hivyo wakiangalia watu wanacheza.

"Nasikia Nurdini kapata mtoto mwingine," Asma alisema.

"Mama yake aliniambia. Alikuja kuchukua karanga."

"Wa kike?"

"Wa kike."

"Anaitwa nani?"

"Sikuuliza," Mwajabu alisema, yeye aliyejua mpaka majina ya watoto wa kila nyumba aliyoipitisha.

Asma akatikisa kichwa. Mtu akamwita kutoka jikoni. Akavaa kandambili zake akaenda.